Mama yangu, umuache mtoto aende Beaux-Arts

Mama yangu mpenzi, binti yangu,

Mesaji yako ya jana usiku nimeisoma mara mbili. Unaniuliza kama mtoto akimaliza ya nane umuandikishe ku Beaux-Arts, shule ya sanaa ya Lubumbashi, afanyie imanite (masomo ya sekondari) huko, ao shangazi yako ana haki anaposema ile ni shule ya wenye kushindwa hesabu. Mimi nilisoma pale, acha nikuambie.

Mwaka 1946, Lubumbashi ikiitwa bado Élisabethville, Mfaransa mmoja aliyekuwa zamani mwanajeshi wa maji, Pierre Romain-Desfossés, alifungua atelie (karakana ya wachoraji), wakaiita Le Hangar. Hakutaka vijana wachore kama Wazungu, kila mtu alimwacha atafute mkono wake mwenyewe, na waliupata kweli: Bela alipaka rangi na vidole, Pilipili Mulongoy njo yule wa ndege na samaki na nyoka, Mwenze Kibwanga alijaza mistari mifupi mifupi mpaka picha inakuwa kama kitambaa, na baba yake alikuwa mfumaji. Mwaka 1951 Mbelgiji Laurent Moonens akafungua akademi, njo hii Beaux-Arts yetu, yeye sasa na masomo na kanuni. Romain-Desfossés alikufa 1954, Hangar ikaisha, Pilipili na Mwenze wakaenda kufundisha ku akademi. Kwa hiyo shule yetu ilirithi watu wawili wasiofanana, mmoja anasema uache mkono utembee, mwingine anasema ujifunze kwanza, na mimi naona utamu wake wote uko hapo.

Asubuhi tulikuwa tunapanga mstari mbele ya bendera, shati nyeupe suruali ya bulu, kisha Kifaransa, hesabu, jiografia, kama shule zote (umwambie shangazi hiyo), na mwisho kabisa Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ilikuwa inatungoja sisi pia. Atelie ilikuwa baadaye. Mwaka wa kwanza rangi hatukugusa, ni makala tu (mkaa wa kuchorea), na mimi sikuwa na feza ya kununua ya duka basi nilikuwa naokota ya ku mbabula, jiko la makala la nyanya yako. Mwalimu aliweka chupa moja ku meza, tukaichora wiki nzima. Siku ya tano akaniambia, umechora chupa unayoijua, hii hapa haujaiangalia. Nilikasirika sana! Nikarudi kuiangalia, nikaona bega lake moja limeinama kidogo. Tangu ile siku naangalia vitu vingine vyote vile.

Udongo nao. Unaukanda mpaka hewa yote itoke, kisha unaacha chungu kikauke kabisa, sababu maji yakibaki ndani yanageuka mvuke, chungu kinapasuka ku tanuru. Changu kilipasuka na kikavunja cha rafiki yangu kilichokuwa pembeni, kazi yake ya wiki tatu, na nilibaki naye jioni nyingi kukanda upya mpaka akamaliza.

Minervali (feza ya shule), rangi, makaratasi, brosi, vyote vinakula feza, sitakuficha, ujipange mapema. Lakini mji huu unajua kuangalia picha, kuna hata Biennale yake, maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili, tangu 2008.

Mbele ya kumuandikisha, umpe kipande cha makala na kiatu chako cha zamani, akichore kila siku wiki nzima, asifute mistari aliyokosea. Unitumie zote ku WhatsApp, hata zile mbaya.

Baba yako