Kaimu, naibu, makamu, deiwaka: anayeshika nafasi ya mwenzake aitwe nani?

Mkuu, umesema umepewa barua ya kukaimu ukuu wa kitengo. Wenzako wengine wanakuita naibu, wengine wanasema wewe ni deiwaka tu, na unauliza jina lako hasa ni lipi. Nimefanya kazi ya utawala halmashauri kwa miaka mingi, na barua za namna hiyo nimeziandika na nimezipokea, kwa hiyo nivumilie nijibu kwa urefu.

Wewe ni kaimu. Naibu ana kiti chake mwenyewe, na anakikalia hata mkubwa wake akiwa ofisini. Kaimu yupo kwa sababu mwenye kiti hayupo: kasafiri, anaumwa, au kastaafu na nafasi iko wazi. Ndiyo maana waziri akiondoka, naibu waziri hageuki kuwa waziri. Anabaki naibu hadi Rais ateue mwingine, na si lazima awe yeye. Kaimu naye anaweza kupatikana hata juu kabisa: Profesa Ibrahim Juma alikuwa Kaimu Jaji Mkuu kuanzia Januari 2017, akaja kuthibitishwa Septemba mwaka huohuo. Kati ya tarehe hizo mbili mawakili walibishana sana kama inafaa mhimili mzima wa dola uongozwe na kaimu kwa muda wote huo. Mimi nilikuwa upande wa waliosema haifai, na bado nasimama hapo. Kaimu anayesubiri kuthibitishwa anafanya kazi huku anayemteua akimtazama.

Makamu ni habari nyingine kabisa. Rais Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021, na tarehe 19 Makamu wake, Samia Suluhu Hassan, akaapishwa kuwa Rais kamili. Mtaani kwetu watu waliulizana uchaguzi utaitishwa lini, kumbe ibara ya 37(5) ya Katiba imeshalimaliza jambo hilo: Makamu anamalizia muda uliobaki. Wakenya walikuwa na Makamu wa Rais, na Katiba yao ya 2010 ikaleta Naibu Rais, ambaye naye anarithi kiti kikiwa wazi. Kwa hiyo ukisoma habari za Nairobi usimpime Naibu Rais kwa kipimo cha naibu waziri wa Dodoma.

Sasa tuje kwenye sahihi yako, maana hapo ndipo watu wanapoumia. Ukiona barua ya serikali imeandikwa chini "Kny: Mkurugenzi", maana yake mkurugenzi yupo kwenye madaraka, aliyesaini ametia mkono kwa niaba yake, na neno ni la mkurugenzi. Ukisaini "Kaimu Mkurugenzi", neno ni lako. Malipo uliyoidhinisha ni yako, na barua ya onyo uliyompa mtumishi ni yako. Kati ya hawa wawili kuna mtu wa tatu asiye na jina kwenye karatasi: yule aliyeambiwa kwa mdomo, "shikilia ofisi, narudi". Nimeona maafisa wazuri, wachapakazi, wakiidhinisha safari na manunuzi kwa kauli hiyo. Mkaguzi anakuja, anaomba barua ya kukaimu, haipo. Aliyetoa kauli anasema hakumbuki. Posho ya kukaimu hapati, hoja ya ukaguzi anaipata. Jambo hili limenikera muda mrefu, kwa sababu wanaoumia ni vijana wanaoogopa kumwambia mkubwa, "naomba maandishi".

Kuhusu deiwaka: wanaokuita hivyo wanalijua wanalosema. Kwenye daladala za Dar, tajiri humkabidhi gari dereva mmoja. Dereva akichoka au akipata msiba, humwachia mwenzake apige tripu kadhaa, na huyo ndiye deiwaka. Nairobi kwenye matatu mtu huyo wanamwita skwodi. Mara nyingi tajiri hana habari naye. Hesabu ya jioni anadaiwa dereva aliyekabidhiwa gari, na deiwaka anachukua chake na kesho hana pa kudai. Ni kazi halali na inalisha familia nyingi, siidharau hata kidogo. Lakini deiwaka hana karatasi, wewe unayo.

Nje ya ofisi pia wapo wanaoshika nafasi ya wenzao. Kwenye ndoa ya Kiislamu, wali, yaani mzazi au mlezi mwenye haki ya kumwozesha binti, akiwa mbali anaweza kumweka wakili, yaani mwakilishi wake, amwozeshee binti yake. Wakili huyo anatimiza alichotumwa, basi. Hawezi kubadili mahari waliyokwisha kukubaliana.

Ninayemwogopea kuliko wote ni msimamizi wa mirathi. Nilisimamia mirathi ya kaka yangu, Mungu amrehemu. Kikao cha ukoo kilinichagua, tukapeleka muhtasari na cheti cha kifo Mahakama ya Mwanzo, tangazo likatolewa, hakuna aliyepinga, nikateuliwa. Kuanzia siku ile ndugu wakaanza kunisalimia kama mwenye mali. Mpangaji akaniletea kodi akidhani ni yangu, na binamu mmoja akaniomba nimpunguzie kiwanja. Mjane alikaa kimya akisubiri nimwambie kama ataendelea kuishi kwenye nyumba aliyoijenga na mumewe. Nilimwambia mbele ya wote kwamba sina ruhusa ya kumtoa, na kwamba kodi zote naziandika kwenye daftari la mirathi. Msimamizi anakusanya mali, analipa madeni, anagawa kwa warithi, kisha anarudi mahakamani ndani ya miezi minne kutoa hesabu. Kinachowapoteza wengi ni hati ya nyumba: ili iende kwa warithi, kwanza inahamishiwa kwenye jina la msimamizi, kwa cheo hicho cha usimamizi. Mtu anaona jina lake kwenye hati, anasahau maneno yanayofuata. Mabinti wangapi wamepoteza haki yao kwa sababu kaka mkubwa aliishia kusoma jina tu!

Turudi kwako. Soma barua yako uone imetaja tarehe ya kuanza na aliyekuteua ana mamlaka ya kufanya hivyo. Ukaimu kwenye utumishi wa umma hautakiwi kuzidi miezi sita, kwa hiyo weka alama kwenye kalenda, na ikikaribia andika kwa mwajiri kuuliza hatima ya nafasi hiyo. Kabla hujasaini chochote, dai hati ya makabidhiano: mafaili yaliyo wazi, fedha zilizobaki kwenye kasma (fungu la bajeti), magari, mihuri. Kisha saini kwa cheo chako chote, "Kaimu", usifupishe.