Ruzuku ya kumalizia boma la zahanati

Ndugu yangu, umeuliza mmalizie vipi boma la zahanati, yaani jengo lisilokamilika, mlilojenga kwa nguvu zenu hadi kwenye lenta. Usianze na barua kwa mkurugenzi wa halmashauri. Anza na mkutano mkuu wa kijiji: boma liingizwe kwenye mpango wa kijiji, kisha diwani alipeleke Kamati ya Maendeleo ya Kata, ndipo lifike halmashauri. Mwaka wa fedha hapa Tanzania huanza 1 Julai, lakini bajeti hupangwa miezi mingi kabla; mkingoja Mei mmechelewa.

Muhtasari wa mkutano huo ndio roho ya ombi. Uwe na mahudhurio, saini, na hesabu ya mlichokwisha kuchangia: mawe, mchanga, siku za kazi, fedha taslimu. Mwombeni mhandisi wa halmashauri awaandalie makadirio, maana kiasi cha kubuni huangusha maombi mengi mazuri.

Gongeni pia mlango wa Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya 2009. Mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga iacheni: ni mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, haijengi zahanati.