Dada ameungua, homa haishuki

SWALI: Shikamoo Mama Nesi. Dada yangu anakaanga chipsi hapa Mbagala. Wiki iliyopita karai la mafuta lilimpindukia, akaungua mapaja yote mawili na mkono wa kulia. Daktari alisema ni asilimia 25 ya mwili. Siku mbili za kwanza alivimba hadi uso, ambao haukuguswa na mafuta. Sasa ana homa na moyo unamwenda mbio, lakini hawajamwanzishia antibaiotiki. Shangazi anasema mafuta yameingia kwenye damu. Mimi niko tayari kutoa ngozi yangu apandikiziwe. Inawezekana?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole ya kuuguza. Nianze na la shangazi. Mafuta ya chipsi hayajaingia kwenye damu. Nyama iliyoungua ndiyo inayomwaga kwenye damu mabaki ya chembe zilizokufa, na kinga ya mwili ikiyakuta inashtuka kana kwamba tumevamiwa, hata kama hakuna kijidudu. Ukiungua kidole, mshtuko huo unaishia kidoleni: mishipa midogo inavuja maji, unapata lengelenge. Mtu mzima akiungua zaidi ya asilimia 20 hivi, unaenea mwili mzima na mishipa inavuja hata pasipoungua. Ndiyo maana uso ulivimba, na ndiyo maana alitundikiwa dripu nyingi huku nesi akija kila saa kupima mkojo.

Homa na mapigo ya moyo vinatokana na mshtuko huo huo, na vinaweza kuendelea kwa wiki kadhaa. Daktari hajampuuza. Antibaiotiki zikitolewa bila maambukizi huwa zinaacha vijidudu sugu, na ngozi iliyokufa haina damu, hivyo dawa ya mshipani haiifikii. Dawa yake ni kuiondoa. Wakisema anaingia thieta kusafishwa, msiwacheleweshe.

Sasa mkae macho. Baada ya vurugu hiyo kinga inachoka: chembe nyeupe za damu zinafika kwenye kidonda lakini haziui vijidudu kama kawaida. Kuna kijidudu kinaitwa Pseudomonas. Nikifungua bandeji naijua ile harufu yake tamu-tamu kabla sijaona rangi ya kijani. Kwa hiyo nawa mikono kila unapomkaribia, mwenye mafua abaki nyumbani, na asije mtu na asali au manyoya ya sungura kwenye mfuko wa rambo. Najua wanaleta kwa mapenzi, ila wodini tunakuja kuyabandua nyuzi moja moja na mgonjwa analia. Akianza kuchanganyikiwa, mkojo ukipungua, au homa ikikatika ghafla akawa wa baridi, mwite nesi hapo hapo.

Na ale! Mwili wake unajila wenyewe. Mgonjwa wa kilo 60 aliyeungua hivyo anahitaji protini gramu 90 hadi 120 kwa siku, na yai moja lina kama gramu 6 tu. Mpelekee dagaa, maharage, uji wa maziwa wenye karanga, kidogo kidogo lakini mara nyingi.

Kuhusu ngozi yako, Mungu akubariki kwa moyo huo, lakini kinga yake itaikataa. Mwaka 1943 mwanasayansi Peter Medawar na daktari wa upasuaji Thomas Gibson walieleza habari za mwanamke aliyeungua, waliyemtibu Glasgow kwa vipande vya ngozi ya kaka yake. Vilishika mwanzoni, kisha vikaharibika. Walipoweka vingine, viliharibika upesi zaidi, kwa kuwa kinga ilikuwa imeshamjua mgeni. Kazi iliyoanzia hapo ilimpa Medawar tuzo ya Nobel mwaka 1960. Isipokuwa kama ninyi ni pacha wa kufanana kabisa, ya kwako ingekuwa kifuniko cha muda tu. Madaktari watachuna ngozi yake mwenyewe, pasipoungua.

Wewe nenda katoe damu, maana thieta ya majeraha ya moto inatumia damu nyingi. Ukiwa huko muulize nesi kama dada alishachomwa sindano ya pepopunda.