Jibu: Plazma badala ya tanuri kwa sponji ya polistirini

Ndugu, umeuliza kama plazma ya oksijeni (gesi iliyochajiwa kwa umeme) inaweza kuchukua nafasi ya tanuri la hewa linaloimarisha plastiki kwanza, ili sponji yako ya polistirini, ambayo ni plastiki, isiporomoke ukiigeuza kaboni kwa joto. Peke yake, hapana.

Polistirini hulainika kwenye nyuzi 100 hivi za Selsiasi, na ikipita 350 minyororo yake ya molekuli hukatika na kutoka kama mvuke. Unabaki na chombo karibu kitupu. Plazma huiunganisha minyororo hiyo pamoja na kuipachika oksijeni, lakini juu juu tu, makumi ya nanomita. Kuta za vitundu zikiwa nyembamba hivyo, una bahati. Zikiwa za mikromita, yaani maelfu ya nanomita, kiini bado kitayeyuka. Tena chembe amilifu za plazma hufa zikigonga kuta, kwa hiyo kipande kinene hutoka kimeiva nje, kibichi ndani. Kata vipande vyembamba, shusha presha. Nguvu usiipandishe ovyo, maana oksijeni hula plastiki yenyewe.

Mimi ningehamia plastiki nyingine, poliakrilonitrili. Ikikaa hewani kwa nyuzi 200 hadi 300 hugeuka njano, kahawia, kisha nyeusi, na haiyeyuki tena. Ndipo uipeleke kwenye gesi ya nitrojeni hadi nyuzi 1000, iwe kaboni. Plazma iweke mwishoni, kaboni ikishapatikana, kama unataka uso wake upokee maji.