Mombasa Ipi? Kwa Wanafunzi Wapya wa Fildi za Amonaiti

Wanangu, mifuko yenu ya fildi ya wiki jana nimeifungua. Mmoja ulikuwa na amonaiti, yale mabaki ya mawe ya wanyama wa kale wa baharini wenye gamba la kujiviringa, zimerundikana pamoja, nyingine zimeshavunjana mbavu njiani, na humo ndani kijikaratasi kilicholowa jasho kimeandikwa neno moja: "Mombasa". Mombasa ipi? Ya Miritini, ya Changamwe, au ya duka la vinyago la Mji wa Kale?

Mwaka juzi nilisema, mwaka jana nikarudia. Sasa naandika, ili mwakani nikiulizwa nijibu: someni.

1. Penseli kabla ya patasi. Ukiiona amonaiti imekaa tabakani, piga picha ukiwa umeweka kipimo, andika namba ya tabaka, kisha ndipo uiguse. Biro na jasho la Pwani haviwezani. Lebo ziwe mbili, moja ndani ya mfuko na nyingine nje. Mnajua sababu: spishi za amonaiti zilibadilika upesi na kuenea bahari nyingi, ndiyo maana tangu enzi za Albert Oppel, miaka ya 1850 huko Ujerumani, miamba ya kile kipindi cha kale kiitwacho Jura inagawanywa kwa kuzitumia. Ukiing'oa bila kuandika, umebaki na pambo la mezani.

2. Floti, yaani jiwe lililolala huru nje ya tabaka lake, si tabaka. Hapa mnivumilie kidogo.

Nilipokuwa mwanafunzi nilipewa korongo moja upande wa bara wa Changamwe nichore ramani yake. Sheli ya kijivu, yaani mwamba laini wa udongo ulioganda, ya Jura ya Juu, matabaka yameinama taratibu kuelekea baharini. Kazi rahisi mpaka inaleta usingizi. Siku moja baada ya mvua, chini kabisa ya korongo, nikaiona: upana wa kiganja, mbavu zimesimama, hata chumba cha mnyama mwenyewe hakijavunjika. Nilipiga ukelele mbuzi wakakimbia. Nikaandika daftarini, "tabaka la chini kabisa." Sikuikuta ndani ya tabaka hilo, niliikuta imelala juu yake, lakini mkono ulishaandika na moyo ulishakubali.

Usiku nikafungua kitabu cha michoro. Amonaiti yangu ni ya Jura ya Kati! Kongwe kuliko sheli yote iliyoizunguka. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza imefikaje pale. Mimi nikachora mpasuko. Ndiyo, mpasuko mzima wa miamba, na mishale yake, uliounyanyua mwamba wa zamani ukaja kukaa ubavuni mwa mwamba wa umri mdogo, nikaupitisha katikati ya shamba la mihogo la watu. Kesho yake nikarudi kuutafutia ushahidi, na niliupata tele, maana kwa mtu aliyekwisha kuamua, kila ufa wa udongo uliokauka unaonekana ushahidi. Nikaupa na jina.

Na jiwe lenyewe lilikuwa likinipigia kelele muda wote. Mwamba ulioganda katikati ya mzunguko wake ulikuwa chokaa ngumu, ilhali sheli ya pale unaikwangua kwa ukucha. Chupa ya asidi ilikuwa mfukoni mwangu. Tone moja tu juu ya chokaa lingetoa povu na kunitoa usingizini. Sikulidondosha kwa kuogopa kuiharibu amonaiti yangu nzuri.

Msimamizi wangu alipokuja aliitazama ramani kwa muda mrefu, hakusema kitu. Akaenda kwa mzee mwenye shamba, wakaamkiana, wakaulizana hali za nyumbani, tukaletewa madafu. Ndipo akauliza habari ya yale mawe ya korongoni. Mzee akajibu bila hata kugeuka, "Yale? Yalimwagwa na lori walipokuwa wakitengeneza barabara. Yaliyobaki wakayaacha." Kifusi cha machimbo! Chokaa ya Kambe, ambayo ndiyo Jura ya Kati yenyewe, na nyumbani kwake ni magharibi zaidi, chini ya hizi sheli zetu. Mwalimu akanigeukia: "Kijana, mpasuko wako una namba ya usajili."

Nilirudia ramani yote. Mbaya zaidi, mzee yule nilikuwa nikimpita kila asubuhi, namtupia "shikamoo" ya mbio huku macho yangu yako kwenye mawe. Ile amonaiti ninayo hadi leo, na haina faida kwa yeyote, kwa sababu hakuna ajuaye ilitoka machimbo yapi wala tabaka lipi.

Kwa hiyo floti iandikwe FLOTI, kwa herufi kubwa. Ifuateni kupanda juu mpaka mpate ilikomomonyoka. Linganisheni mwamba ulioigandia na mwamba mliosimama juu yake. Na kaeni na wenyeji.

3. Msiloweke chochote kwenye siki. Brashi laini, maji kidogo, subira. Kama imegeuka pairiti, yale madini ya chuma na salfa, hata maji yasiiguse: unyevu wa hewa yetu huifanya itoe asidi ya salfa inayokula kisukuku, lebo na boksi. Hifadhini kwenye mkebe unaofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye viatu vipya.

4. Si kila kilichojikunja ni amonaiti. Konokono hupanda kwenda upande mmoja. Amonaiti nyingi hujizungusha bapa. Mkichanganya na nautilasi, jamaa yake aliye hai hadi leo, tafuteni kile kimrija kinachopita vyumba vyote: kwa amonaiti kipo ukingoni kwa nje, kwa nautilasi kinapita katikati.

5. Za kununua. Zile zilizokatwa vipande viwili na kung'arishwa, vyumba vimejaa fuwele, nyingi hutoka Madagaska, na nyingi ni halisi, za Kretasia, kipindi kilichofuata Jura. Za bandia zipo pia: ukiona viputo vya hewa chini ya lenzi, hiyo ni plastiki iliyomiminwa. Ambapo gamba limetoka, tafuteni ile mistari yenye matawi-matawi, mahali kuta za vyumba zilipoungana na gamba. Sina ugomvi na anayenunua pambo lake. Ugomvi wangu ni na mmoja wenu, simtaji, aliyeniletea amonaiti ya namna hiyo katika ripoti, eti kaiokota Miritini. Nilimuuliza kama sheli za Miritini siku hizi zinapiga polishi. Akaangalia viatu vyake. Amonaiti ilikuwa halisi kabisa. Ripoti ndiyo iliyokuwa ya bandia.

6. Kibali. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 haiangalii kama kisukuku ni kidogo au wewe ni mwanafunzi. Kutafuta na kuchimba kunataka leseni, kutoa nje ya nchi kunataka ruhusa. Orodha ya safari ijayo iko kwa katibu wa idara. Asiyekuwa na jina humo asipande gari, na mwenye jina aje na penseli mbili, kwa sababu moja lazima aitapoteza.