Unayemwuguza mtu wa kiharusi, muulize na hili

Waliokuja kutuona hapa Free Area, Nakuru, walikuwa na maswali yale yale: mkono umeanza kusonga? Presha imeshuka? Anakula? Hata kliniki mambo yalikuwa hayo. Sikusikia yeyote akimwuliza mzee wangu kama bado anataka kuishi.

Ni swali zito, najua. Lakini takriban mtu mmoja kati ya watatu walionusurika kiharusi huugua sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito na kukata tamaa, na hatari ya kujiua huwa kubwa zaidi katika mwaka wa kwanza au wa pili. Si huzuni ya mkono uliopooza tu. Ubongo wenyewe umeumia, na huenda sehemu zinazosimamia hisia nazo zimeguswa. Kwa hivyo jirani akisema mgonjwa wako anadeka, mpe chai na umwache aseme.

Mzee wangu ni seremala. Alianza kwa kuacha dawa za presha, eti ni kupoteza pesa. Kisha akamwita kijana aliyemfundisha kazi, akampa randa yake, ile ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Watu wakamsifu kwa ukarimu. Mimi nilishtuka. Tena kulikuwa na neno lake la kila jioni: "Nimewachosha." Mtu akilirudia hilo, usilipite.

Nikamwuliza wazi tukiwa wawili: "Baba Njeri, unafikiria kujiua?" Kuuliza hivyo hakumpi mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Alinyamaza sana, kisha kwa ule ulimi mzito akasema, "Karibu kila usiku."

Hakuachwa peke yake tena. Dawa za shamba nilizihamishia kwa dada yangu, vidonge nikawa namgawia mwenyewe vya siku ile tu, na mdogo wake akaja kulala kwetu. Asubuhi nilimwambia daktari maneno yale yale bila kuyapamba. Akaanzishiwa dawa na vikao na mshauri. Dawa hizo huchukua wiki kadhaa kabla hazijaonyesha kazi, kwa hivyo msizikatize, na ulinzi usilegee.

Shemeji aliogopa polisi. Kweli, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, hadi Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alipoamua kwamba kinakiuka Katiba.

Tuliomba pia, na nasaha zilikuwa tele. Ila kwa maoni yangu kilichomwinua zaidi nyumbani ni kushika tena simu yake na namba ya siri ya M-Pesa. Nyumba nyingi humfanya mgonjwa mtoto: analipiwa, anasemewa, anajadiliwa akiwa amekaa papo hapo. Sasa karo analipa yeye, hata kama kubonyeza kwa mkono wa kushoto kunamchukua muda, na mbao hazishushwi kwenye mkokoteni kabla hajazikagua.

Kama kiharusi kimemnyima maneno, uliza maswali ya ndiyo au la, ajibu kwa kukubana mkono. Angalia usingizi, chakula, na kama hugeukia ukutani wageni wakiingia. Ukikosa wa kuzungumza naye, piga 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu, haina malipo. Piga hata kama anayelemewa ni wewe unayeuguza.