Mwanangu, kuhusu wateule

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza hivi: ikiwa Mungu aliwachagua walio wake kabla ya kuwekwa misingi ya ulimwengu, kama Waefeso 1:4 inavyosema, je, siku uliyompokea Kristo ulichagua wewe, au ulitimiza tu lililokwisha kupangwa? Na wasioamini wanalaumiwa kwa lipi?

Hilo la pili Paulo alilisikia kabla yako. Liko Warumi 9:19, karibu kwa maneno yako yale yale. Naye anajibu kwa swali: wewe binadamu ni nani hata umjibu Mungu? Nilipokuwa na umri wako jibu hilo lilinikera. Siku hizi wanaonikera ni watu wanaolitamka macho yakiwa makavu.

Unajua namsema nani. Siku tuliyomzika mjomba wako, watu walipoanza kutawanyika, mzee mmoja wa kanisa alinijia pale pale kaburini. Alikuwa ameokota kijiti, anakwangua udongo kwenye soli ya kiatu chake. Akaniambia, bila hata kuinua uso, "Usijitese, dada. Kama hakuwa mteule, hakuwa mteule. Soma Warumi 9." Kisha akahamia kiatu cha pili.

Pombe ya kaka yangu na matusi yake kwa wachungaji, sina haja ya kukusimulia. Lakini yule mzee hakuwapo usiku ule kaka aliponiomba nimsomee Luka 23, habari za mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Yesu. Kila nikifika kwenye "nikumbuke utakapoingia katika ufalme wako" alikuwa akiinua kidole nirudie. Je, ile ilikuwa imani? Daftari la Mungu halishikwi na mwanadamu.

Na Warumi 9 niliisoma, tena tangu mstari wa kwanza. Inaanza kwa kilio. Kabla hajamtaja Yakobo wala Esau, Paulo anasema ana huzuni nyingi na maumivu yasiyokoma moyoni, na kwamba angekubali yeye mwenyewe kutengwa na Kristo kwa ajili ya ndugu zake. Akishamaliza habari za mfinyanzi na udongo, sura ya 10 inafunguka kwa maombi: anamwomba Mungu Israeli waokolewe. Mtu aliyeamini kwamba yote yamekwisha, mbona anaomba?

Augustino, yule askofu wa kale aliyebishana miaka mingi na Pelagio, mwalimu aliyedai mtu anaweza kutenda mema kwa nguvu zake mwenyewe, akitetea kwamba wokovu ni neema tupu, alifundisha kwamba kwa kuwa hatuwajui walioteuliwa, imetupasa kutamani wote waokolewe. Calvin mwenyewe, mwanamatengenezo wa kanisa anayejulikana kwa kufundisha kwamba Mungu huwateua walio wake, akayachukua maneno hayo na kuyaweka katika kitabu chake. Kwa hiyo yule mzee hakuwa hata mfuasi mzuri wa Calvin!

Lakini nisikuegemeze upande mmoja. Nikisema mtu anachagua mwenyewe, basi, nimeamini kwa sababu nilikuwa na akili kuliko kaka yangu? Hasha. Lidia alisikiliza Injili kwa sababu Bwana alimfungua moyo, Matendo 16:14. Hapo nakuwa upande wa Sinodi ya Dort, mkutano wa kanisa kule Uholanzi uliosema imani yenyewe ni zawadi ya Mungu, na uliowahukumu mwaka 1619 wafuasi wa Arminius, waliosema mtu anaweza kuikubali au kuikataa neema. Halafu nafungua Kumbukumbu la Torati 30:19, Musa anawaambia watu wachague uzima, na siwezi kuamini kwamba aliwaita kwenye mlango uliofungwa kwa ndani. Hata Farao: katika Kutoka 8 anaufanya moyo wake mwenyewe kuwa mgumu, na katika 9:12 ni Bwana anayeufanya mgumu. Maandiko yanasema yote mawili, wala hayaombi radhi.

John Wesley na George Whitefield, wahubiri wawili wa Uingereza waliokuwa marafiki, waligombana hadharani juu ya jambo hili hili, Wesley akihubiri dhidi ya mafundisho ya kuchaguliwa tangu awali, Whitefield akimjibu kwa maandishi. Whitefield alipofariki mwaka 1770, Wesley ndiye aliyehubiri ibada ya kumkumbuka kule London, na ndivyo Whitefield alivyokuwa ametaka. Laiti kaburini kwetu angesimama mtu wa namna ile.

Kuhusu siku yako ya kuokoka, nilikuwepo, nilikuona ukisimama. Miguu ilikuwa yako. Aliyekuinua nani, nina wazo langu na linaniwasha ulimini, ila daftari la Mungu halishikwi na mama yako pia.

Baba yako amesoma hadi hapa, anasema nimeikwepa Warumi 9:18. Sijaikwepa. Kwamba Mungu humrehemu amtakaye na humfanya mgumu amtakaye, naamini kila neno. Paulo aliusema mstari ule juu ya Farao, akamtaja jina. Kaka yangu hakumtaja, na mimi simwingizi humo.

Mama yako